Kupanga Safari ya Njia ya Misafara, Bagamoyo hadi Ujiji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Njia ya misafara ya kati ni ipi hasa?

Ni njia iliyounganisha pwani ya Bahari ya Hindi na Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, ikiwa na urefu wa takribani kilomita 1,200. Kwa ushahidi uliobaki hadi leo, vituo sita ndivyo hutajwa kuwa mhimili wake: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Ni vituo hivyo hivyo ambavyo Tanzania iliviwasilisha UNESCO mwaka 2006 ili viingizwe katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Zipo njia nyingine za misafara, kama ile ya kusini iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa na ile ya kaskazini iliyopitia Pangani, lakini majibu yaliyomo humu yanahusu njia ya kati pekee.

Je, kuna njia moja iliyo wazi ardhini ambayo msafiri anaweza kuifuata mwanzo hadi mwisho?

Hapana, wala haijapata kuwapo. Kilichokuwapo ni vijia vingi vilivyokutana penye maji na kuachana penye vita, njaa au ada kubwa za kupita. Burton na Speke, wasafiri Waingereza walioondoka pwani mwaka 1857, walipitia Zungomero, kusini mwa milima ya Uluguru. Mwandishi wa habari Stanley, mwaka 1871, alipita upande wa kaskazini, karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro hivi leo. Alipofika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, akakuta vita kati ya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na wafanyabiashara Waarabu imefunga njia ya magharibi, akalazimika kuzunguka mbali kusini kabla ya kuufikia mto Malagarasi.

Kwa hiyo msafiri wa leo asihangaike kutafuta mstari mmoja ulio sahihi. Ramani ya kweli ya njia hii ni ramani ya maji: visima, mito na mabwawa ambayo kirangozi, yaani kiongozi wa msafara aliyetangulia mbele, aliyajua kwa moyo. Anayepanga safari kwa kujiuliza "hapa watu walipata wapi maji?" ataielewa nchi haraka kuliko anayefuata orodha ya majengo.

Kwa nini wengine huiita njia ya watumwa na wengine njia ya misafara?

Majina yote mawili yana ukweli ndani yake, na ni vyema msafiri kulifikiria jambo hili kabla ya kuondoka, kwa maana litaathiri kila atakachokitazama. Watu waliotekwa bara, wengi wao kutoka Manyema ng'ambo ya ziwa, walitembezwa katika njia hii wakiwa wamefungwa minyororo na makongwa shingoni, wakauzwa Unguja au kubakizwa katika mashamba ya pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikukoma siku ile.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mizigo iliyopita hapa, yaani pembe za ndovu zilizokuwa zikiteremka pwani na vitambaa, shanga na waya vilivyokuwa vikipanda bara, ilibebwa na wapagazi huru waliofanya kazi kwa ujira. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wengine wote. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30 au zaidi, pamoja na mkeka wake, chungu chake na posho yake, na wengi walisafiri na wake zao. Walikuwa na taratibu zao, walijua kugoma, walijua kudai haki, na waliipanga safari kulingana na msimu wa kilimo nyumbani kwao.

Kumwita kila aliyepita njia hii mtumwa ni kuwanyang'anya wapagazi heshima ya kazi yao, na kuisifu biashara bila kuwataja waliofungwa makongwa ni kuwadhulumu hao kwa mara ya pili. Naamini msafiri anapaswa kuyabeba yote mawili kwa pamoja, kutoka kituo hadi kituo.

Safari huchukua muda gani?

Misafara ilitumia miezi miwili hadi mitatu kutoka pwani kufika Tabora, na zaidi ya hapo kufika Ujiji. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 na kuliona ziwa Februari 1858. Mwendo wa siku ulikuwa wa saa nne hadi sita, kuanzia kabla ya jua kuchomoza. Palipokuwa na ukame walipiga terekeza, yaani mwendo wa mchana wa jua kali unaoendelea hadi jioni, ili wavuke haraka.

Kwa gari au mabasi ya kawaida, siku kumi hadi kumi na nne zinatosha kuviona vituo vyote sita bila pupa. Zipo safari zinazouzwa kwa siku nne au tano, ambazo humchukua mgeni Bagamoyo, kisha zikamrusha kwa ndege hadi Kigoma ili auone mnara wa Ujiji. Sishauri safari ya namna hiyo. Bagamoyo na Ujiji ni milango miwili, na nyumba yenyewe iko katikati, Ugogo na Unyamwezi, ambako wapagazi walitumia sehemu kubwa ya siku zao. Mwenye siku tano tu ni heri achague kipande kimoja, kwa mfano Mpwapwa hadi Kilimatinde, akakimaliza vizuri.

Ni miezi gani iliyo mizuri zaidi?

Juni hadi Oktoba. Pwani ina misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lakini ukiingia kanda ya kati na magharibi, mvua huwa ni ya msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo barabara za vumbi za kuingia Mamboya na Kilimatinde huwa za utelezi, na bonde la mto Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, limekuwa likisumbuliwa na mafuriko ambayo mara kadhaa yameharibu reli. Stanley alivuka mbuga ya Makata wakati wa masika ya mwaka 1871, msafara ukazama matopeni na watu wake wakapatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Mbuga hiyo bado hujaa maji mvua zinapozidi.

Anayetaka kuionja hali ya wapagazi achague Septemba, jua linapokuwa kali na nyasi zimekauka, kwani hapo ndipo ataelewa kwa nini kisima kimoja kiliweza kupewa jina na kukumbukwa kwa vizazi. Anayesafiri na wazee au watoto achague Juni au Julai, asubuhi za bara zinapokuwa baridi na jua linavumilika.

Nianzie pwani au nianzie ziwani?

Wengi huanzia Bagamoyo kwa sababu ni karibu na Dar es Salaam, takribani kilomita 70, na kwa sababu wasafiri wa Ulaya walioandika habari zao walianzia huko. Lakini kwa Mnyamwezi, safari ilianzia nyumbani bara na pwani ilikuwa ndiyo mbali. Alishuka baada ya mavuno, akauza nguvu zake, akarudi na vitambaa kabla ya mvua ya kupandia. Jina la Bagamoyo linaeleweka vizuri zaidi kwa anayefika huko mwishoni. Wengi hulieleza kuwa limetokana na "bwaga moyo", na kuna wanaosema ni mpagazi aliyetua mzigo na kuupumzisha moyo wake, na wanaosema ni mateka aliyeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa baharini. Aliyekwisha kupita kilomita elfu moja na zaidi atazisikia maana zote mbili kwa uzito mwingine.

Kama ratiba inaruhusu, panda treni au ndege hadi Kigoma, kisha urudi polepole kuelekea mashariki. Vituo vimetajwa hapa kutoka pwani kwenda bara kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa zaidi. Mpangilio huo ugeuzwe tu.

Nitazame nini Bagamoyo, na nikae siku ngapi?

Siku mbili kamili. Ya kwanza iwe ya Mji Mkongwe: Karavanserai, ambamo misafara ilikusanyika na kupumzika, Ngome Kongwe, boma la Wajerumani la mwaka 1897, na ufuko wa majahazi. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na ni katika ukanda huu wa pwani ambako Abushiri bin Salim aliongoza vita dhidi yao kuanzia mwaka 1888 hadi aliponyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Siku ya pili ianzie misheni ya Wakatoliki, iliyofunguliwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868 pamoja na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yake yana picha na vitu vya kipindi hicho, na karibu na hapo upo mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, ulilazwa tarehe 24 Februari 1874. Wafuasi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili huo kutoka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, kwa miezi ipatayo tisa, na kuanzia Unyanyembe walipita njia hii hii ya misafara. Mara nyingi mgeni huoneshwa mahali mwili ulipolala, akaondoka bila kutajiwa majina ya walioubeba. Basi uliza, na ukipewa nafasi, wataje wewe.

Mchana nenda Kaole, takribani kilomita tano kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ambayo historia yake inarudi karne ya 13. Kaole ni kumbukumbu kwamba watu wa pwani walikuwa na miji na biashara yao karne nyingi kabla ya pembe za ndovu kuanza kuteremshwa kwa wingi.

Kati ya Bagamoyo na Mpwapwa kuna nini?

Kwa barabara utapita Msata, Chalinze na Morogoro, kisha Dumila, ambako ni vyema kuulizia njia ya kwenda Mamboya. Kituo hiki kiko katika milima ya Ukaguru, Wilaya ya Kilosa, na ndicho kinachorukwa na wengi kwa sababu barabara kuu ya Dodoma haikipitii. Waanglikana walikuwa na misheni hapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Majengo ya kutazama ni machache. Utakachokipata ni hali ya hewa ya mlimani, maji ya chemchemi, na ufahamu wa kwa nini msafara uliotoka katika joto na matope ya Makata ulipenda kupumzika huko. Mwenye haraka anaweza kukiacha, ingawa atakuwa amepoteza kitu.

Mpwapwa na Ugogo kuna umuhimu gani?

Hapa ndipo moyo wa safari ulipo, na ndipo ninapowasihi wasafiri wasipunguze siku.

Mpwapwa kulikuwa na maji ya kudumu chini ya milima, chakula cha kununua na vivuli vya kupumzikia. Msafara uliotoka pwani ulisimama hapo kukusanya nguvu, na mara nyingi kusubiri misafara mingine ili wavuke pamoja, kwa maana mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ambayo jina lake lenyewe linazungumzia maji makali. Kabla ya nyika hiyo kulikuwa na Chunyu, ambako maji yalikuwa ya chumvi. Msomaji wa pwani anaijua chunyu kuwa ni ile chumvi inayoganda mwilini baada ya kuoga baharini, na huenda akashangaa kulikuta neno hilo huko bara kama jina la kijiji. Msafara ulivuka Marenga Mkali kwa terekeza, usiku na mchana, huku vibuyu vya maji vikilindwa kuliko mizigo ya nguo.

Baada ya hapo iliingiwa Ugogo, na Ugogo kulikuwa na hongo. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa ada halali ya kupita, ambayo watemi wa Kigogo waliwatoza wageni kwa sababu walikuwa wakinywa maji ya visima vyao katika nchi ambayo mvua yake ni haba. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwa hasira kuhusu madai hayo. Anayesimama leo katika nyika ya Dodoma mwezi Septemba na kuona jinsi maji yanavyotafutwa atawaelewa watemi wale vizuri zaidi kuliko waandishi wale walivyowaelewa. Ulizia pia tembe, nyumba za Kigogo za kuta za miti na udongo zenye paa bapa, ambazo zinapungua mwaka hadi mwaka.

Ili kufika Mpwapwa, acha barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale Mbande, upite Kongwa. Kutoka Mpwapwa rudi Dodoma, kisha uendelee hadi Manyoni, na kusini mwa Manyoni utaikuta Kilimatinde juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Fika kabla ya jua kuzama na utazame chini mashariki: tambarare yote unayoiona ndiyo waliyoivuka kwa miguu. Mbele yao, upande wa magharibi, walisubiriwa na Mgunda Mkali, msitu mnene na mkavu uliokuwa na vijiji vichache na maji machache, kabla ya kuifikia nchi ya Wanyamwezi.

Kwihara ni sehemu ya mji wa Tabora?

Iko nje kidogo ya mji, na bodaboda au teksi itakufikisha. Hapo ipo tembe kubwa ambamo Livingstone na Stanley waliishi mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki akiwasubiri wapagazi hadi Agosti, alipoanza safari yake ya mwisho. Leo ni makumbusho. Milango yake ya kuchongwa ni kazi ya mafundi wa jadi ya pwani, na inaonesha jinsi Uswahili ulivyosafiri pamoja na mizigo.

Lakini Tabora isitazamwe kwa macho ya Livingstone peke yake. Hii ni nchi ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani hadi alipojilipua ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893 badala ya kushikwa, na jirani yake ni Urambo, inayolibeba jina la Mirambo, aliyetawala sehemu kubwa ya njia hii hadi alipofariki mwaka 1884. Ni mji pia ambao baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliufanya makazi yake. Muulize mwongoza wageni habari za hawa kwanza. Tenga siku mbili, tembea chini ya miembe, na ununue asali ya miombo.

Tabora hadi Ujiji kuna cha kutazama njiani?

Kipo, nacho ni Uvinza. Chemchemi za maji ya chumvi zilizo karibu na mto Malagarasi zimekuwa zikitumiwa kupikia chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500, kama utafiti wa mambo ya kale ulivyoonesha. Chumvi ya Uvinza iliuzwa mbali muda mrefu kabla ya pembe na watumwa, na ni ushahidi kwamba watu wa bara walikuwa na njia zao za biashara ambazo misafara ya pwani ilizikuta na kuzitumia. Kama kuna mahali ambapo ningependa kituo cha saba kiongezwe katika orodha ile ya sita, ni hapa.

Ujiji yenyewe iko kilomita chache kusini-mashariki mwa mji wa Kigoma. Mnara na makumbusho vinaonesha mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871, na miembe iliyopo inaelezwa kuwa ni uzao wa ule waliokutana chini yake. Mahali hapo si ukingoni mwa maji tena. Baada ya kutoka makumbusho, tembea mitaa ya Ujiji, yenye misikiti ya zamani na familia za Kimanyema, Kiha na za pwani zilizochanganyikana kwa zaidi ya karne moja.

Nitumie usafiri gani?

Mabasi yanafika miji yote mikubwa ya njia hii, na barabara ya lami inapita Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora. Vituo vya pembeni, yaani Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, huhitaji mabasi madogo, bodaboda au gari la kukodi.

Treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo humfikisha msafiri Dodoma kwa saa zisizofika nne. Ni nzuri kwa anayetaka kuokoa muda kwa ajili ya Ugogo. Reli ya zamani ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoua kazi ya wapagazi katika njia hii, na kwa sehemu kubwa ilifuata nyayo zao. Hupita Kilosa, Gulwe, Manyoni, Itigi, Tabora na Uvinza. Kusafiri kwa treni hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ni namna bora ya kuiona nchi ikipita polepole. Thibitisha siku za safari kwa Shirika la Reli Tanzania kabla ya kupanga mengine, na usiweke miadi muhimu siku ile ile ya kuwasili.

Je, ninaweza kuitembea kwa miguu au kwa baiskeli?

Inawezekana kwa vipande. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, njia nzima ingehitaji siku 60 za kutembea bila kuhesabu za kupumzika, na hakuna alama wala kambi zilizotayarishwa. Vipande vinavyofaa kwa kuanzia ni Kaole hadi Bagamoyo, ambacho humalizwa asubuhi moja, na vijia vya kuzunguka Mpwapwa na Chunyu kwa siku mbili au tatu. Chukua mwenyeji wa kijiji husika akuongoze, umlipe ujira wa haki mliokubaliana mapema, na usimbebeshe mzigo ambao wewe mwenyewe usingeubeba.

Kati ya Itigi na Tabora sishauri kutembea nje ya barabara. Msitu ni mkubwa, una mbung'o, na maji hayana uhakika. Baiskeli ni chombo kizuri Ugogo na Unyamwezi, kwa kuwa wenyeji wenyewe huitumia na mafundi hawakosekani.

Ninahitaji vibali gani, na nifuate adabu zipi vijijini?

Makumbusho na maeneo ya kale hutoza kiingilio, na kiwango cha raia ni tofauti na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Raia wa nchi nyingine wahakikishe viza kabla ya safari. Anayetaka kufanya utafiti, kupiga filamu au kurusha ndege nyuki anahitaji vibali maalumu, na maombi yaanze miezi kadhaa kabla. Usipige picha vituo vya reli, madaraja, wala majengo ya serikali na ya jeshi bila ruhusa; maboma kadhaa ya Wajerumani bado ni ofisi za serikali.

Ukifika kijijini, anzia ofisi ya kijiji. Jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, ueleze umetoka wapi, unakwenda wapi na unatafuta nini, usaini kitabu cha wageni. Wazee wasalimiwe kwanza kwa shikamoo, na mazungumzo yasianze kwa maswali. Habari za utumwa ziulizwe kwa uangalifu mkubwa: zipo familia zinazojua kwamba babu yao alikuwa mtumwa na zinazojua kwamba babu yao alikuwa mwenye watumwa, na mara nyingine ni majirani. Usimwulize mtu asili yake mbele za watu. Akitaka kusema, atasema akiwa amekuzoea.

Kuhusu malazi, chakula na fedha?

Bagamoyo, Morogoro, Dodoma, Tabora na Kigoma kuna hoteli za kila kiwango. Mpwapwa, Manyoni na Urambo kuna nyumba za wageni za kawaida, safi na za bei nafuu. Kilimatinde ni vyema kulala Manyoni na kwenda kutwa. Fedha za simu hutumika karibu kila mahali, lakini beba noti ndogo.

Chakula nacho ni sehemu ya njia. Ugogo omba ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Tabora tafuta uyoga wakati wa mvua na michembe ya viazi vitamu wakati wa kiangazi. Kigoma kula migebuka na dagaa wa ziwani kwa mawese. Michembe hukauka vizuri, haiharibiki, na ni masurufu mazuri ya safari hata leo.

Je, kuna tahadhari za kiafya?

Malaria ipo njia nzima, hivyo muone daktari kabla ya kuondoka na ulale ndani ya chandarua kila usiku. Mbung'o wapo katika misitu ya Itigi, Tabora na Kaliua, na huvutiwa na nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Usioge kwenye maji yaliyotuama kwa sababu ya kichocho, wala usiingie mto Malagarasi, una mamba. Katika nyika ya Dodoma chukua maji zaidi ya unayodhani utayahitaji, na anayetumia dawa za kila siku azinunue zote kabla ya kutoka mji mkubwa.

Safari inaishia Ujiji kweli?

Kwa ramani ya UNESCO ndiyo. Kwa watu waliopita humo, Ujiji ilikuwa bandari. Majahazi na mitumbwi ilivuka ziwa kwenda Manyema, hadi Kasongo na Nyangwe katika Kongo ya leo, na ndiko walikotoka wengi wa mateka na sehemu kubwa ya pembe. Ndiyo sababu Kiswahili kinazungumzwa mashariki mwa Kongo na katika mitaa ya Waswahili ya Bujumbura. Kuvuka leo kunahitaji hati za kusafiria, viza, na taarifa za karibuni za usalama, na kwa wengi si safari ya kuunganisha na hii.

Asiyeweza kuvuka ashuke hadi mwalo wa Ujiji alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao, na kukipambazuka vizuri atazame ng'ambo. Siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo huonekana.